Viumbe Vyangu na Mbu wa Mama

Kiumbe changu cha kwanza hakikutembea. Kilianguka.

Ilikuwa masika, Ifakara, chumba cha kupanga, na kompyuta ya mtumba inayopata moto kama pasi ya mkaa. Nilikuwa nimesoma kuhusu Karl Sims, Mmarekani ambaye mwaka 1994 alionyesha viumbe vya maboksi vilivyojifunza kuogelea na kutembea ndani ya kompyuta bila kufundishwa na mtu. Yeye alikuwa na mashine yenye prosesa 32 na viumbe 300 kwa kizazi. Mimi nilikuwa na pasi yangu na viumbe 40.

Kila kiumbe kina mtandao wa neva bandia. Namba zinaingia kutoka kwenye vihisio, zinazidishwa kwa uzito fulani, zinajumlishwa, jibu linakwenda miguuni. Mwanzoni uzito huo ni wa kubahatisha, kwa hiyo vinatapatapa tu. Unabakiza vichache vilivyofanya vizuri, unavizalisha na vikosa vidogovidogo, unarudia usiku kucha.

Niliandika amri moja: chenye kasi zaidi kibaki. Asubuhi nikamkuta mshindi, mnara mrefu mwembamba unaojibwaga kifudifudi. Kuanguka nako si ni kasi? Kumbe hata Sims alilazimika kuviacha viumbe vyake vitulie chini kwanza ndipo apime. Ni sungura yuleyule wa hadithi za bibi: amri hakuivunja, alipita pale ilipoishia.

Jumamosi nikaenda kwa mama. Msimu wa mpunga, wengi huku bonde la Kilombero huhamia vibanda vya mashambani kwa miezi kadhaa, kulinda mazao. Mwaka uliopita nilimpelekea chandarua chenye dawa, nikajiona mtoto mwema kweli. Nikamkuta amelala, anatetemeka. Malaria.

"Mama, chandarua hutumii?"

"Natumia kila siku, mwanangu. Ila saa moja jioni niko nje napika. Nijifunge chandarua kama khanga?"

Nilinyamaza. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya bondeni humuhumu: baada ya vyandarua vyenye dawa kuenea, mbu wa malaria waliosalia walikuwa wakiuma nje kwa kiasi kikubwa kuliko zamani. Vyandarua vimeokoa watu wengi, hilo sibishani nalo. Lakini ni amri, na ina mahali inapoishia. Anayeingia ndani usiku anakufa; anayeuma nje, au mapema, anabaki kuzaa. Kiasi gani cha tabia hiyo ni urithi na kiasi gani ni mbu kukosa tu pa kuingilia, wataalamu bado wanabishana. Mimi nilimwona mama tu, na nikaona aibu. Nilikuwa nimelinda usingizi wake, jioni yake sikuwahi hata kuiuliza.

Siku ya tatu dawa ya mseto ilishamwinua. Tukiwa jikoni nikamsimulia habari za viumbe vyangu, mnara na yote. Akasikiliza, akikoroga uji.

"Na hao wako wa kwenye kompyuta, wanauma?"

"Hapana, mama."

"Basi wasubiri. Nishikie tochi."

Saa moja ilishapita, na sote wawili tulikuwa nje.