Midi na Zuid

Mwalimu mmoja wa Bukavu alisafiri mpaka Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Hakwenda kutembea. Ndugu yake mkubwa alikuwa hospitalini, na waganga walisema hana budi kupasuliwa tumboni. Mama yao mzee alimpa mwalimu rozari yake, akamwambia: « Umtilie mkubwa wako mkononi kabla hawajampasua. »

Mwalimu alilala kwa mtoto wa ndugu yake, karibu na mtaa wa Matonge. Mtaa huo umepata jina lake kwa Matonge ya Kinshasa, na madukani mwake huuzwa sombe, ndizi na samaki wakavu. Mwalimu alifurahi, akadhani mji ule ni mwepisi.

Siku ya kupasuliwa ilipofika, kijana alimwelekeza kabla ya kwenda kazini: « Baba mdogo, saa mbili ushuke chini ya ardhi pale Porte de Namur. Panda treni namba 2 iendayo Simonis. Ushuke Gare du Midi, kisha upande tramu mpaka hospitalini. Baba ataingizwa chumba cha kupasulia saa tatu. Ukipotea, uliza watu. »

Mwalimu alicheka. « Mwanangu, nimefundisha Kifaransa miaka 20. Nitasoma tu. »

Treni za chini ya ardhi zilianza katika mji ule mwaka 1976. Watu hushuka kwa ngazi zinazojiendesha zenyewe. Asiye na haraka husimama kuume. Mwenye haraka hupita kushoto. Mwalimu alipoingia katika treni aliwaamkia watu wote, kama desturi ya kwetu. Wawili watatu waliinua macho, wengine walinyamaza. Basi akaona haya, akaketi kimya.

Treni ilikwenda mbio. Kila iliposimama, mwalimu alisoma jina ukutani: Louise, Hôtel des Monnaies, Porte de Hal. Kisha akaona: Zuidstation. « Bado, » akawaza, « kinachofuata ndicho changu. » Lakini kilichofuata kilikuwa Clemenceau, kisha Delacroix, kisha Gare de l'Ouest, maana yake kituo cha magharibi. Moyo ukaanza kumdunda. Kando yake alikaa bibi mzee mwenye kikapu. Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga tena. Je, mwalimu mzima aulize njia kama mtoto?

Hatimaye treni ilifika Simonis, na watu wote wakashuka. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba saa tatu inakaribia. Ndipo mwalimu alipomkimbilia yule bibi: « Mama, nisamehe. Gare du Midi iko wapi? »

« Tumekwisha kuipita, bwana, » akajibu kwa upole. « Je, hukuona Zuid? Midi na Zuid ni kituo kimoja. »

Katika mji ule lugha za serikali ni mbili, Kifaransa na Kiholanzi, lugha ya Waflama. Kwa hiyo majina mengi ya njia na ya vituo huandikwa mara mbili. Zuid maana yake kusini. Midi ni saa sita ya mchana, tena ni kusini, kwa sababu katika Ulaya saa ile jua huonekana upande wa kusini. Mwalimu alilijua neno midi tangu utoto wake. Neno la jirani yake hakulijua.

Alirudi upesi. Aliposhuka Midi alikimbia kuvuka njia, na mara kengele ikalia: tramu! Akaruka nyuma. Huko tramu ina haki ya kupita kwanza, hata pale wapitapo watu kwa miguu.

Alipofika hospitalini, kitanda cha ndugu yake kilikuwa kitupu. Walikuwa wamekwisha kumpeleka. Mwalimu aliketi, akashika rozari ya mama yake, akasali hadi mchana huku machozi yakimtoka.

Jioni ndugu yake alifumbua macho. Mwalimu akamtilia rozari mkononi.

« Nilikungoja, » mgonjwa akasema kwa sauti ndogo. « Ulikuwa wapi? »

« Nilikuwa Zuid, » mwalimu akajibu, akainamisha kichwa. « Niliona haya kuuliza. »

Mgonjwa akatabasamu. « Hata mimi, mwaka wangu wa kwanza, Zuid ilinipeleka mbali. »

Wazee wetu walisema: Kuuliza si ujinga. Mwalimu aliirudia methali hiyo mara nyingi mbele ya watoto wa shule. Siku ile alijifunza kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameisikia bado.

Maswali
1. Mama mzee alimtuma mwalimu kufanya nini?
2. Kwa nini mwalimu hakushuka Zuidstation?
3. Ni nini kilichomzuia kumwuliza bibi mzee mapema?
4. Na wewe, umewahi kuona haya kuuliza? Eleza.