CHURA WA MPIRA

Ndugu msomaji, usinicheke. Mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, tena anayejiita mwandishi wa riwaya, nilikaa jioni nzima ukingoni mwa Ziwa Duluti nikichezesha chura wa mpira.

Chura huyo niliachiwa na kaka yangu. Yeye alikuwa mpagazi wa Mlima Meru, akibeba mizigo ya wageni kutoka lango la Momella. Mmarekani mmoja alimpa kama zawadi. Kwao chura huyo huwindia besi, samaki ambaye Wazungu walimleta Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920. Kaka alicheka akanirushia: "Shika, mwandishi. Wewe ndiye una muda wa kuchezea." Mwezi uliofuata akaenda Mererani kutafuta tanzanite. Huu ni mwaka wa tatu, hata salamu hatujapata.

Basi, Jumamosi moja nikapanda daladala hadi Tengeru, nikapenya kati ya akina mama wa sokoni na ndizi zao, nikateremka ziwani. Besi sikumtarajia, nilimtaka kambale. Duluti ni maji yaliyotulia ndani ya shimo la volkano, msitu umeyazunguka, mafunjo yamejaa ukingoni. Ndoana ya kawaida hapo hunasa kila mara. Lakini ndoana mbili za chura huyu zimelala mgongoni, zimeelekea juu, kwa hiyo anateleza juu ya majani bila kunasa. Samaki akimbana, mpira unabonyea, ndoana zinachomoza. Ujanja mtupu!

Vijana wenye nyungunyungu kwenye makopo wakaangua kicheko. "Braza, huyo chura ana kitambulisho?" Nikanyamaza.

Giza lilipoanza kuingia, maji yakapasuka. Pwaa! Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Chura akaruka, akanigonga kifuani. Mzee mmoja aliyekuwa akikunja mshipi wake akatikisa kichwa.

"Kijana, umemnyang'anya. Mwache kwanza afunge mdomo."

"Sawa, mzee."

Mara ya pili nikasubiri. Moja, mbili, tatu. Nikavuta. Mzito! Ufito ukapinda. Kambale akakimbilia mafunjoni, mshipi ukajizungusha kwenye mashina. Ningeingia majini, lakini kuogelea sijui. Mshipi ukakatika. Kimya.

Nililia, bwana. Si kwa ajili ya samaki. Kile kilikuwa kitu pekee cha kaka kilichobaki mkononi mwangu. "Pole, mwanangu," mzee akasema, wala hakuuliza kitu.

Nyumbani Kijenge, mama akauliza, "Haya, samaki yuko wapi?" Nikamweleza yote, chura na mwenyewe aliyeniachia. Akavuta kigoda, akakaa. Kwa miezi mingi jina la kaka lilikuwa halitajwi ndani ya nyumba ile. Tuliongea hadi mkaa ukawa majivu.

Katika riwaya yangu yumo kijana anayekwenda machimboni, na sura ya nne anarudi tajiri, watu wanampigia vigelegele. Nilimrudisha haraka kwa sababu mimi mwenyewe niliogopa kusubiri. Usiku ule niliichana sura hiyo. Sasa naiandika upya: mama yake bado anamwekea chakula kila jioni, anakifunika kwa sahani. Atarudi lini sijui. Safari hii sivuti.