Kompyuta Moja kwa Wanafunzi Saba

Tufuatane leo, wasomaji wapenzi, hadi Skopje. Avukaye Daraja la Mawe juu ya mto Vardar huingia soko la kale, lenye mafundi na misikiti. Ule wa Mustafa Pasha ulijengwa mwaka 1492. Lakini haja yetu ni madarasa.

Mwaka 2007 serikali ya Makedonia, iitwayo Makedonia Kaskazini tangu 2019, iliazimia kumpa kila mwanafunzi kompyuta, ikaagiza vituo 180,000 vya kampuni ya NComputing. Nchi si tajiri, basi iliwezaje?

Mtoto aandikaye insha hatumii ila sehemu ndogo ya nguvu za mashine. Nguvu hizo basi hugawanywa: kila mtoto hupewa skrini, kibodi, kipanya na kisanduku kidogo kimuunganishacho na kompyuta moja. Kwa aina moja ya vifaa hivyo hutosha wanafunzi saba, kila mmoja akiona kazi yake tu. Fedha huokolewa, na umeme pia.

Ila kompyuta ile ikiharibika, wote saba hukaa bure. Sisi twaona afadhali shule inunue nyingine ya akiba kabla ya kuongeza visanduku.