Difu Iliyoharibiwa na Kukaa

Mvua ya Kisii na Nyamira haina mchezo. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500, na njia za udongo zinazotoka mashambani hadi vituo vya kupimia majani chai hugeuka utelezi usiopandika kwa gari linalovuta nyuma pekee. Ndiyo maana jamaa zangu walichanga, tukanunua mkononi mwa mtu pikapu ya Land Cruiser ya Series 70, muundo ulioanza kutengenezwa mwaka 1984, yenye kuvuta mbele na nyuma.

Masika yalipofika, kila tulipoingiza gia ya magurudumu manne, mbele kulisikika mlio wa kusaga. Tukamwita mzee mmoja wa upande wa Keroka, fundi wa malori tangu ujana wake. Aliagiza ekseli ya mbele ipandishwe kwenye magogo hapohapo uani, akajilaza chini, akafungua nati ya kumwagia oili. Yalitangulia maji matupu. Kisha ikafuata oili nyeupe kama chai ya maziwa.

Tulitoa magurudumu, hab, shafti za pande zote mbili na propela, mpaka difu, lile fungu la gia lililo ndani ya ekseli, ikatoka nzima mikononi mwa watu wawili. Mzee akaigeuza juani. Meno ya krauni yaliyokuwa yamelala chini yalikuwa na kutu ya kahawia. Ya juu yalikuwa safi. Katikati palikuwa na mstari ulionyooka, unaoonyesha maji yalipofika, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini yake. Beringi zilikuwa na vishimo unavyovisikia kwa ukucha.

Maji yaliingiaje? Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo. Kikizibwa na tope, halafu ekseli yenye joto ikatumbukia mtoni, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, na maji hunyonywa kupitia sili. Lakini mzee hakuyalaumu maji peke yake.

"Kijana wangu, hii haikuchoshwa na kazi," alisema. "Imekaa mno."

Kwenye kila hab ya mbele kuna kitasa cha kuzungusha kwa mkono. Kikiachwa wazi, gurudumu linazunguka lakini shafti na difu zimesimama tuli. Oili hushuka, sehemu za juu hukauka, maji yaliyoingia hupata nafasi ya kula chuma mahali pamoja, wiki baada ya wiki, na dereva hasikii lolote. Siku ya tope anaifunga hab akitegemea nguvu, na anachokuta ni kutu. Toyota wenyewe wanashauri katika vitabu vyao vya mwongozo kwamba mfumo huo wa mbele utumiwe angalau kilomita 16 kila mwezi.

Ushauri huo umenikaa moyoni kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Sisi Abagusii tuna koo kubwa, na tunajivunia kwamba msiba ukitokea watu watajaa ua. Kweli, hujaa. Lakini kati ya matanga na matanga kuna kimya cha ajabu. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp huamka mtu anapofariki, michango inahesabiwa, jeneza linashushwa, kisha kila mmoja anarudi Nairobi au Nakuru. Halafu linapozuka jambo la mpaka wa shamba, tunashangaa ndugu kushindwa kuzungumza. Walizungumza lini mara ya mwisho bila maiti kati yao? Undugu tunaouweka kwa ajili ya siku mbaya pekee huharibika katika siku nzuri, tena bila mlio.

Beringi na sili mpya zilikuja na matatu kutoka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Krauni na pinioni tulizirudisha zilezile, kwani kutu ilikuwa ya juujuu, na viwili hivyo husagwa pamoja kiwandani vikapewa nambari moja. Hubadilishi kimoja ukaacha kingine. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kupima. Pleyi kati ya meno yatakiwa kuwa kati ya milimita 0.15 na 0.20. Mzee alipaka rangi kwenye meno, akazungusha, akatazama alama ilipoangukia, akalegeza nati za pembeni, akaanza upya. Alama ilipokuwa karibu na ncha ya jino alikataa kufunga, ingawa kifuniko kingeificha na hakuna ambaye angejua. Giza liliingia akiwa bado anapima, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Wewe mwenye gari la aina hii, usingoje masika. Kila mwezi funga hab zote mbili na uende nalo sokoni na kurudi. Hata gia ikibaki ya magurudumu mawili, difu ya mbele itazunguka na kujipaka oili. Kagua kipumulio. Na ukiwa njiani, pita kwa yule ndugu ambaye hamjaonana tangu mazishi, umsalimie.