Bomba la Juu

Mimi ni msomaji, na ugonjwa wa wasomaji mnaujua: kabla ya kuonja kitu lazima tusome uhakiki wake. Miezi miwili nzima nilisoma baiskeli za milimani. Nikajua kwamba wale vijana wa Marin County, California, walioanza kushindana kuteremka mlima mwaka 1976, walitumia mabaiskeli mazito ya zamani, na breki ya nyuma ilipata moto hadi grisi ya ndani ya habu ikaungua, mteremko ukiisha wanafungua na kujaza upya. Nikajua tairi za inchi 26, 27.5 na 29. Nikajua kila kitu, isipokuwa nikikaa juu yake nitaangukia upande gani.

Nilikuwa sijagusa baiskeli tangu nikiwa na miaka 11.

Baba alikuwa na Phoenix, ile nyeusi ya Kichina, tairi inchi 28, breki za vyuma. Hakuna mtoto aliyeweza kufika kwenye siti, kwa hiyo tulipitisha mguu chini ya bomba la juu na kukanyaga pedali mwili umepinda upande. Kaka zangu walijifunza hivyo mchana kweupe. Mimi nilijifunza kwa kuiba, Jumapili Baba akiwa amelala. Nikaingia mtaroni, pedali ikapinda. Kaka mkubwa aliwahi kukunja rimu nzima na hakuambiwa neno. Mimi sikuchapwa. Baba alisema tu, mbele ya wageni, mtoto wa kike anatafuta nini juu ya baiskeli. Bora angenichapa.

Sasa imepita miaka 27. Nafundisha Morogoro, na kila asubuhi milima ya Uluguru inanitazama dirishani. Mwalimu mwenzangu hupanda njia ya Morningside Jumamosi kwa baiskeli, anarudi ametapakaa tope, na ana raha fulani ambayo haombi mtu aishiriki. Niliitaka hiyo.

Muuza mitumba alinisogezea moja nyekundu, ina shokomzoba mbele na nyuma. "Dada, hii ni sofa kabisa." Laki tatu na nusu. Ilikuwa nzuri, sitadanganya, na mkono ulishaingia kwenye pochi. Ila nusu ya ile hela ilikuwa mkopo wa kikoba. Nikaogopa. Nikatoka nje nikasimama chini ya mwarobaini na kufanya jambo ambalo sikulipanga: nikampigia Baba.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema. Baba, nanunua baiskeli."

Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Ya nani?"

"Yangu."

Kimya tena. Majibu nilikuwa nayo tayari, yamekaa miaka 27.

"Isimamie," akasema. "Bomba la juu liwe katikati ya miguu, visigino vyote chini. Linakugusa?"

Nikarudi ndani. Lilinigusa, tena vibaya.

"Achana nayo. Ukilazimika kusimama ghafla kwenye mawe utalia."

"Lakini ina shokomzoba mbili, Baba."

"Kwa bei hiyo? Huo ni uzito wa kupandisha mlimani bure. Unakanyaga, nguvu inaishia kwenye springi."

Haya yote nilikuwa nimeyasoma! Niliyaandika hata kwenye daftari. Bado ningelipa.

Nikaweka simu spika. Inua tairi la mbele, lizungushe. Likiyumba kama mlevi, weka chini. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inagonga shingoni, kuna gololi zimekwisha. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, tafuta ufa chini ya rangi. Muuzaji alianza kwa kucheka, mwisho akanyamaza. "Mzee ni fundi?" Nikamwambia mkulima, ana miaka 74, amebeba mpunga na wagonjwa kwenye keria.

Tuliishia kwenye ya kijivu iliyoegemea ukuta nyuma, ambayo hakuna aliyekuwa akiisifu. Fremu ndogo, springi mbele tu, breki za mpira ambazo naweza kubadilisha mwenyewe, tairi 26 ambazo tyubu zake zinauzwa duka la pili kutoka kwangu. Mbele ina meno ya kutosha kwa mwalimu asiye na pumzi. Laki mbili na arobaini.

Nilisubiri aseme kitu kuhusu ile Jumapili. Labda ameshasahau, mwenye kuumia ndiye anayetunza kumbukumbu.

"Pedali," akasema. "Zimenyooka?"

Nikainama. Nikachukua muda kuliko ilivyohitajika.

"Zimenyooka, Baba."

"Haya. Mpe hela yake. Na kuteremka usibane ya mbele peke yake."