Bwawa la Mama limegeuka kijani: kwa nini hatukuua mwani wote

Wiki kadhaa zilizopita tumekuwa na PHP na hifadhidata tu, kwa hiyo leo tubadilishe ladha kidogo. Tuzungumzie samaki. Usiondoke, data zitaingia humu humu.

Hapa Burumba, nyuma ya nyumba yetu, Mama ana bwawa la tilapia. Lilichimbwa baada ya serikali ya Kenya kuanzisha, mwaka 2009, ule mpango wa mabwawa 200 katika kila eneo bunge, kwa maeneo 140. Ni la kipimo kile kile cha mpango: mita za mraba 300, vifaranga 1,000. Samaki hao ndio karo ya mdogo wangu. Bwawa likiugua, nyumba nzima inaugua.

Kiangazi kilichopita maji yakawa kijani kizito kama mrenda. Kila saa kumi na moja alfajiri samaki walikuwa juu, midomo wazi, wakitweta. Mama akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu tazama hawa wanataka nini." Muuza pembejeo mmoja alikuwa ameshamshauri anunue mrututu, ile salfeti ya shaba, amwage bwawani mwani wote ufe mara moja.

Mrututu huua mwani kweli. Tatizo ni kinachofuata. Mwani uliokufa huoza, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni. Samaki ambao tayari wanahema kwa shida hunyang'anywa hata hiyo kidogo iliyobaki. Tena shaba yenyewe ikizidi ni sumu kwa samaki.

Lakini kwa nini walitweta alfajiri, si mchana? Mchana mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni. Usiku jua hakuna, na mwani, samaki na bakteria wote wanaendelea kupumua. Fikiria akaunti ya M-Pesa inayoingiziwa pesa mchana tu, huku watu wakitoa saa ishirini na nne. Salio la chini kabisa utaliona kabla jua halijachomoza. Mwani ukiwa mwingi kupita kiasi, salio hilo linakaribia sifuri.

Sasa, mwani huo unalishwa na nini? Naitrojeni na fosforasi. Samaki hawahifadhi mwilini chakula chote unachowapa. Sehemu kubwa ya naitrojeni yake huishia majini kupitia kinyesi na mabaki. Ongeza samadi ya kuku juu yake, na mwani una karamu. Ukiua mwani bila kugusa chakula chake, utarudi tu. Wanaoandika programu wanalijua hili: kufuta ujumbe wa hitilafu kwenye skrini hakurekebishi msimbo.

Nilitamani kununua kihisi cha oksijeni nikiunganishe na Arduino, lakini bei yake ingemeza faida ya mavuno. Tukatumia mfuniko wa mkebe wa rangi. Tuliupaka robo nyeusi, robo nyeupe, tukaufunga jiwe na kamba yenye alama za sentimita. Unaushusha majini mpaka usionekane, kisha unasoma kamba. Wazo hili ni la padri na mwanaastronomia Angelo Secchi wa Italia, aliyelijaribu baharini mwaka 1865. Katika bwawa la tilapia, sentimita 25 hadi 40 ni sawa. Chini ya 20, kuwa macho. Letu lilisoma 11.

Tukafanya hivi:

1. Samadi ilisimamishwa kabisa, na chakula kikapunguzwa hadi kile ambacho samaki wanamaliza ndani ya dakika 15.
2. Tulitoa theluthi ya maji kwa pampu, kutoka chini ambako uchafu hutulia, tukajaza mengine ya kisima. Yale ya kijani yalikwenda kwenye sukuma wiki, nayo ikashukuru sana.
3. Kila alfajiri pampu ilirusha maji hewani dakika 40 ili yaokote oksijeni.
4. Kila adhuhuri Mama alipima kwa mfuniko, nami nikaingiza namba kwenye lahajedwali.

Siku ya tano ilisoma 14. Siku ya kumi na mbili, 19. Baada ya wiki tatu, 28, na alfajiri uso wa maji ulikuwa umetulia. Bado ni ya kijani, na tunataka yabaki hivyo, kwa sababu tilapia hula mwani na ndio unaowapa oksijeni ya mchana.

Hesabu hii si ya Burumba pekee. Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria huwa kijani kwa sababu ya mbolea na maji taka yanayoingia. Huko pwani, joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi na mwani ukapata nafasi ya kuota juu yake. Penye samaki wengi wanaokula mwani, matumbawe hupata nafasi ya kurudi. Hata tangi dogo la maji ya chumvi sebuleni hufuata kanuni hiyo: punguza kinachoingia, tunza wanaokula, pima kila siku.

Makala ijayo nitawaonyesha jinsi ya kuchora grafu ya vipimo vya Mama kwa PHP. Wenye mabwawa, niambieni mfuniko wenu unasoma ngapi. Tuonane wakati huo.