Wale si Mawe



Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alinikataza kunyosha kidole kuelekea makaburini. "Wale si mawe," alisema, "wale ni watu wetu." Maneno hayo yalinirudia juma hili niliposoma habari za Ziwa Mungo, katika jimbo la New South Wales nchini Australia.

Ziwa hilo lilikauka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Yamebaki matuta ya mchanga na udongo, yenye visukuku vya kangaruu wakubwa ambao hawapo tena duniani. Mwaka 1968 mwanajiolojia Jim Bowler aliona humo mifupa ya binadamu iliyoungua. Ilikuwa ya mwanamke aliyeishi yapata miaka 40,000 iliyopita. Watu wake waliuchoma mwili, wakaiponda mifupa, kisha wakaizika. Mwaka 1974 Bowler aliona kaburi la mwanamume wa zama zile zile, mikono yake imekutanishwa, mwili umepakwa ngeu, udongo mwekundu ulioletwa kutoka mbali.

Ulimwengu wa elimu ulishangilia. Mifupa ya mwanamke ilipelekwa Canberra ndani ya sanduku la safari. Wenyeji wa asili wa nchi ile, yaani Wabarkindji, Wamutthi Mutthi na Wangiyampaa, hawakuombwa ruhusa. Wataalamu waliona ugunduzi. Wenyeji waliona bibi yao amefukuliwa.

Wazee wao walidai kwa miaka mingi. Mwaka 1992 mwanamke yule alirudishwa, akahifadhiwa katika chumba chenye funguo mbili: moja ya wenyeji, nyingine ya wataalamu. Mwanamume alirudi Novemba 2017, akiwa ndani ya jeneza, katika gari la maiti, kama arudishwavyo mzee aliyefia ugenini.

Wala wenyeji hawakuikataa elimu. Mwaka 2003 zilipoonekana hapo nyayo za watu wa miaka yapata 20,000 iliyopita, waliitwa Wapintupi, mafundi wa kusoma nyayo kutoka jangwa la kati. Wao walitambua mtu wa mguu mmoja aliyepita akirukaruka.

Lakini tusidhani kwamba mambo yaliisha kwa amani. Mei 2022 mifupa ya wawili hao ilizikwa upya mahali pa siri, na baadhi ya wenyeji walihuzunika. Walitaka pajengwe mahali pa heshima pa kuwahifadhi, ili wajukuu wapate kuwajua. Wengine waliona kwamba mfu hustahili kupumzika ardhini. Pande zote mbili ziliwapenda. Ndiyo maana jeraha lilikuwa zito.

Mwaka 1986, huko Alice Springs, Papa Yohane Paulo II aliwasihi wenyeji hao wasikubali utamaduni wao upotee. Nadhani utamaduni huo unatufundisha jambo hili: kuujua umri wa mtu si kumjua mtu. Sisi tunaowaombea marehemu kila Novemba twaungama kwamba mfu angali ni ndugu. Je, mwaona ajabu kwamba wao humwita bibi mwanamke wa miaka 40,000?

Juma hili, tafadhali, kila mmoja ayatembelee makaburi ya kwao, ayafyeke majani, na amtajie mtoto mmoja jina la aliyelala pale.

Mungu awabariki.